Fungueni Dirisha la Chumba cha Mbele

Sogeeni, wanangu, ila msinisogelee wote kwa mpigo mkanimalizia hewa, maana hii kidogo iliyobaki nimeiwekea kazi. Wewe Mwalimu, kaa hapa kitandani unishikie mto usiporomoke, na uache kunitazama kwa hayo macho ya kusahihisha mitihani. Mama yako leo hajakosea jibu, ni kifua tu. Wewe mkwe wangu, chukua kiti, mpakate mtoto vizuri, na usijifanye unakwenda kuangalia jikoni, hakuna kinachoungua. Na kaka yenu, baba wa huyo mtoto, yuko wapi? Anakuja. Tangu adhuhuri anakuja. Namsikia kutoka hapa nilipo, yuko chumba cha mbele na wenzake, anacheka kile kicheko chao cha alasiri, ukuta mmoja tu kati yangu na yeye, mimi nakufa na yeye anakuja. Basi naanza, atanikuta njiani.

Mali yangu mnaijua, wala haihitaji wakili. Nyumba hii, cherehani mbili, meza ya kukatia, mkasi mkubwa. Tutayafikia hayo. Lakini kilichonifanya niikatae hospitali na kung'ang'ania kurudishwa nyumbani, mpaka manesi wakaniita bibi mkaidi, si mali, ni huyo aliye mapajani mwa mama yake. Nyamazeni kidogo mumsikilize anavyopumua. Mnaisikia hiyo filimbi? Mkwe wangu ananiambia ni mafua. Mafua gani hayo, mwanangu, yasiyojua kuaga? Filimbi hiyo naifahamu, ninayo hapa kifuani, ya kwangu imekua tu ikawa tarumbeta. Nataka mjukuu wangu atoke katika kile chumba cha mbele, na moshi utoke katika nyumba hii, na nataka kulijua hilo kabla sijafumba macho. Hiyo ndiyo shida yangu, na yote nitakayosema leo yanaizunguka hiyo.

Mwalimu, wewe hukuwepo siku ile kwa daktari, kwa hiyo nisikilize. Daktari mwenyewe binti mdogo, koti limepigwa pasi mpaka nikamsifu moyoni. Ameiweka picha ya kifua changu kwenye taa, anaitazama, ananitazama, anaitazama tena. Akaniuliza, "Mama, ulivuta sigara kwa muda gani?" Nikamwambia, "Mwanangu, sijawahi." Akatabasamu kwa huruma, mnajua ile huruma ya mtu anayedhani unamdanganya. "Mama, mimi sikuhukumu. Wengi huona haya kusema. Hata ya kujificha? Hata ujanani?" Nikamwambia, "Binti yangu, kitu pekee nilichobana kwa midomo hii maisha yangu yote ni pini za kushonea." Ndipo akamgeukia kaka yenu, aliyenipeleka. "Kaka, nyumbani nani anavuta?" Na kaka yenu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akaangalia viatu vyake akasema, "Labda wageni, daktari. Mmoja mmoja."

Wageni! Wageni waliokula utandu wa nyumba hii mpaka wakazeeka humu!

Yule binti hakugomba. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akanieleza taratibu kwamba moshi hauchagui nani amewasha, kwamba anayekaa kwenye chumba kilichofungwa na wavutaji huuingiza kifuani kama wao, na kwamba watoto ndio unaowaumiza zaidi kwa sababu vifua vyao vidogo na wanahema haraka. Akaniambia, "Mama, wewe umevuta. Ni vile tu kwamba umevutishwa." Kisha akaniambia kwamba kuna kitu kimeota kwenye pafu, na kwamba kimeshatembea. Nikamshukuru. Nikamwambia pasi yake nzuri.

Tukatoka. Kaka yenu akaniketisha kwenye benchi pale getini, kwenye foleni ya kina mama wanaosubiri chanjo za watoto, akasema, "Mama, nakuja sasa hivi." Akaenda kusimama chini ya kile kibao chenye picha ya sigara iliyopigwa mstari mwekundu, akakiegemea kibao chenyewe, akawasha. Mkononi picha ya kifua changu, mdomoni moto. Kina mama wakaanza kuwafunika watoto nyuso. Bibi mmoja akamwambia kwa adabu, "Baba, hapa kuna vichanga." Naye akamjibu, "Si niko nje, mama? Hewa ni ya Mungu hii." Moshi ukaja ukapita kwetu sote, ukaingia kwa wale watoto, ukaingia kwangu. Niliumia, wanangu. Hasira ningejua la kuifanya, mnanijua mdomo wangu. Lakini ile haikuwa hasira, ni moyo uliokatika, nikakaa pale nimebana mkoba wangu kama mtu anayesubiri gari.

Nipe maji kidogo. Basi, yatosha.

Sasa mkitaka kujua moshi uliingiaje humu, ulikuja na baba yenu. Baba yenu alikuwa mtu mzuri, na mtu asiniletee habari nyingine matangani. Alikuwa dereva wa lori la masafa, na tajiri wake alitaka mzigo ufike kabla ya mzigo wa mwenzake, basi madereva wakaambiana kwamba ukitafuna miraa usingizi unakuogopa. Kweli ulimwogopa. Ulimwogopa hata alipofika nyumbani. Anarudi safari macho yamemtoka, kitanda nimetandika, yeye anazunguka nyumba anahesabu vigae, na kesho yake mchana anataka tena fungu lake ili aweze tu kukaa kama watu. Akaleta wenzake. Wakatafuta mahali pa kukaa, wakaona chumba changu cha mbele, chumba cha cherehani, kina joto zuri, wakatandika mkeka na mito upande wa pili wa meza yangu, na huo ukawa mwanzo wa kijiwe.

Mnalijua lile dirisha la chumba cha mbele lililopigwa misumari? Mimi nilitaka lifungwe kwa sababu nashona vitambaa vyeupe, mashati ya shule na magauni ya maharusi, na barabara ile ya nje ilikuwa vumbi tupu. Upepo mmoja tu, bibi harusi anakwenda kuolewa na rangi ya matope. Wao walitaka lifungwe kwa sababu mtafunaji anapenda joto, atoe jasho, stimu ipande. Baba yenu akachukua nyundo akapigilia. Katika ndoa yetu nzima, hilo dirisha ndilo jambo tuliloafikiana bila kugombana, na tulifurahi siku ile, nikampikia.

Basi tukakaa humo. Wao mkekani, shavu limetuna upande mmoja kama mwenye jipu, sigara juu ya sigara, kwa sababu miraa na sigara ni maharusi wale, mmoja haendi bila mwenzake. Mimi kwenye cherehani. Wakati fulani moshi ulikuwa unakaa juu yetu nisione uzi kwenye tundu la sindano. Siku moja bibi harusi akanirudishia gauni akilia, akaniambia, "Mama, linanuka kama stendi ya mabasi." Niliona haya, nikalifua kwa mikono yangu, nikalianika uani. Tangu siku hiyo nikaweka sheria: nguo ikiisha tu, inaingia kwenye nailoni, inafungwa shingoni kwa utepe. Mkwe wangu, ndivyo nilivyokufundisha na wewe, na unafanya vizuri kuliko mimi. Magauni yote ya watu nikayafunika, hakuna aliyelalamika tena, nikawa fundi wa kusifiwa mtaa mzima kwa usafi. Na mimi nimekaa nje ya nailoni. Na mtoto yuko kwenye kapu chini ya meza, nje ya nailoni.

Mtoto huyo alikuwa kaka yenu.

Alilala pale pale anapolala mwanawe leo, kapu lile lile la mabaki ya vitambaa. Upande huu pedali yangu, upande huu miguu ya wanaume. Alijifunza kutambaa akiokota vijiti vya miraa walivyotupa. Mara ya kwanza alipotia kimoja mdomoni, wanaume wote wakapiga makofi. "Dume hilo! Dereva huyo!" Nikakichomoa kwa kidole, naye akalia, na baba yenu akasema, "Mwache mtoto, anaota meno." Wakacheka mpaka wakakohoa. Nami nilicheka kidogo, maana kila mtu alicheka, na mtoto alikuwa anapendeza.

Mwalimu, usilie juu ya mkono wangu, unanilowanisha.

Kilichomfuata baba yenu mlikiona, lakini mlikuwa wadogo mkakiona vipande vipande, nami nataka mkione chote. Kwanza meno, yakabadilika rangi, fizi zikarudi nyuma, akawa anacheka ameziba mdomo. Kisha chakula. Napika, anasukuma sahani, hana njaa, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Akiingia chooni majirani tunaochangia nao wanapanga foleni, wengine wanabisha hodi wakimwuliza kama amehamia. Tulicheka, eti tuliona ni kichekesho. Kisha usingizi ukamhama moja kwa moja, na ukiisha kuhama usingizi huja mawazo mabaya. Akaanza kuniuliza mteja fulani alitaka nini, kwa nini amepimwa kiuno muda mrefu. Mimi fundi, nisipime viuno? Alivunja kiti kile cha bluu kwa sababu hiyo. Jioni stimu ikimtoka anakaa kimya, mnyonge, macho kwenye sakafu, hata ukimpa mtoto hampokei. Na mengine ya mume na mke siwasimulii, ninyi ni wanangu, lakini mkwe wangu ananielewa, naye nisimtazame sasa hivi asije akaona haya.

Halafu moyo. Ulikuwa unamdunda mpaka naona shati linatikisika. Nilimwambia twende hospitali, akasema ni stimu tu, itashuka. Ikashuka naye. Alianguka pale pale mkekani alasiri, katikati ya hadithi, wenzake wakadhani anaigiza. Kaka yenu ndiye aliyemshika kichwa, alikuwa kijana anaanza kuota ndevu. Mimi nilitoka kwenye cherehani na tepu shingoni. Shavu la baba yenu lilikuwa bado limejaa. Nikaingiza kidole, nikayatoa yale majani yote, kidogo kidogo, nikayaweka kwenye kiganja changu, kwa sababu watu walikuwa wanakuja na sikutaka wamkute vile. Kaka yenu alinitazama nikifanya hivyo mpaka mwisho. Nikasema moyoni, Mungu amenipokonya mume lakini huyu mmoja amepona, aliyeyaona haya hatagusa majani. Matanga yalipokwisha nikatoka chumbani, nikamkuta amekaa kwenye mto wa baba yake, na wale wazee wanamkatia fungu.

Nilivyoishi baada ya siku ile sijui. Nilishona tu.

Kuna na neno kuhusu Kibunda, yule muuza miraa wa pale kona, muda wote mkishangaa kwa nini navuka barabara nikifika dukani kwake. Siku ya maziko ya baba yenu nilimtukana mbele ya watu, nikataja na mama yake, na tangu hapo hatukusalimiana. Juzi alikuja kunitazama. Alisimama mlangoni, mdomo umebonyea, jino halimo. Akaniambia, "Shemeji, hata mimi sijalala usingizi wa maana tangu ujana. Nilikuwa sijui kazi nyingine." Akalia, yule mzee, kwa sauti. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine namsamehe siku atakapoacha kuleta mafungu katika nyumba hii, na mkimwona anakatiza uani na kitu kimefungwa kwenye majani ya mgomba, mwambieni bibi amesema ile nusu ya kwanza nayo irudi.

Nyamazeni. Amekuja.

Msimtazame hivyo. Karibu, baba. Karibu, mwanangu wa kwanza. Wazee wako wamekuruhusu? Njoo hapa nikuone... njoo... aa. Aa. Mwalimu, hewa. Nipe hewa. Mrudishe... mrudishe kidogo.

Haya. Haya, imepita. Nipeni kile kitambaa. Kaa hapo mlangoni, baba, kaa tu chini. Si hasira. Nakuapia Mungu si hasira. Ni shati lako. Moshi umo katika shati, umo katika nywele, ukisogea kifua kinajifunga kama mtu amekikanyaga. Hapo ndipo ulipofika ugonjwa wangu, mama mtu anakufa na mwanawe hawezi kumsogelea kitandani. Usiinamishe kichwa, sikukuitia hayo. Nitazame nikuambie.

Mkeo hajanishitakia lolote, huyu ana ulimi mzito kuliko jiwe. Kuta ndizo zilizonishitakia. Nalala hapa nasikia miguu yako ikizunguka nyumba kama miguu ya baba yako. Nasikia unamwuliza mkeo alikuwa anazungumza na nani dirishani, na dirisha lenyewe halifunguki, baba, angezungumza na nani? Mikono yako inatetemeka, najua kwa sababu juzi ulinishikia kikombe cha uji nikanywa nusu na nusu ikanywewa na nguo. Na mikono hiyo asubuhi inashika usukani wa basi lenye watoto wa watu. Unaendesha unatafuna, unavuta dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi, na nyuma yako amekaa mjamzito fulani anakohoa, anadhani ni mafua. Mimi ndiye yule mwanamke, mwanangu. Kila basi unaloendesha nimo.

Usiape. Nimekuona unataka kuapa, funga mdomo. Baba yako aliniapia kila mwezi mpya, akaniapia kwa jina lako ukiwa tumboni, nami nilikuwa naamini kila mara, nilikuwa mjinga kwa mapenzi. Mimi sitaki kiapo. Yule daktari amesema kuna watu pale pale hospitali kazi yao ni kuwasaidia wanaotaka kuacha, ukienda wanakupokea, hawakugombezi, wanajua mwili utakavyokusumbua siku za mwanzo, utalala kama gogo na utakasirika na utaota ndoto mbaya. Dada yako atakwenda na wewe. Mwalimu, utakwenda naye, na ukianza kumhutubia njiani nitakusikia huko niliko. Ukishindwa, baba, rudi tena. Ukishindwa tena, rudi. Lakini hata siku ulizoshindwa, usishindwe mbele ya mtoto. Si ndani ya nyumba, si ndani ya basi, si kwenye benchi la watu wanaosubiri daktari. Kule mbali kabisa, peke yako, na urudi umebadilisha nguo. Nakuomba hilo kama mama, na kama hulipi uzito la mama, lipe uzito la huyo mwenye filimbi.

Sasa mali, maana nachoka.

Nyumba isiuzwe. Ni yenu wote wawili, wewe Mwalimu na kaka yako, vyumba vya nyuma mgawane bila kelele. Mwalimu, mkasi mkubwa ni wako; hujui kukata hata mstari ulionyooka, lakini ulikuwa ukiupenda ulipokuwa mdogo, ukilala nao nikikufukuza. Cherehani zote mbili na meza ni za mkwe wangu. Na chumba cha mbele ni chake pia, chake na cha mtoto, mbele yenu nasema. Mwenye chumba ndiye anayesema nani akae na nani asikae. Mkwe wangu, ukiona haya kuwafukuza, waambie ni marehemu amekutuma, watu huwaogopa wafu. Mkeka na mito toeni leo, si kesho. Wenzake waambieni waende wakapumzike makwao, wana wake wale, wana watoto, sijui kama wake zao wanazijua sura zao mchana.

Na wewe, baba, usidhani nimekusahau. Wewe nakuachia dirisha. Misumari ya baba yako uing'oe mwenyewe, kwa mkono wako, usimwite fundi. Halafu bomoa na huo ukuta kidogo, uweke dirisha kubwa, la kufunguka pande zote mbili. Vumbi litaingia, najua. Mkwe wangu atafua.

Nikifa... ngojeni. Nikifa, nizikeni mapema, msingoje watu wa mbali. Nivalisheni lile gauni la kijani, si jeupe, nimechoka na nyeupe. Na matanga yangu yasiwe kijiwe. Wanaume watakuja na mafungu yao mfukoni, watasema wanakesha na wafiwa. Waambieni mama wa nyumba hii amefariki kwa kukesha kwao. Wakitaka kunililia, walie midomo mitupu.

Karibu nimalize. Mkono wako, Mwalimu... hapo. Mungu awape usingizi. Hilo ndilo naliona kubwa, wanangu, mtu alale, aamke, awe na njaa, ale chakula cha mkewe akisifu. Mungu awape vifua vipana. Mkwe wangu, ulikuja kwangu binti, nikakukalisha kwenye moshi... uishi, uzeeke, ushone mpaka macho yagome. Na wewe mdogo, wa filimbi, bibi amekubariki, hata usipokumbuka. Mwalimu, wewe mwanangu hukunipa shida, ndiyo maana sikukusema sana, usidhani... usidhani ni kwamba sikukuona.

Na wewe, baba. Nataka kukushika. Nimekaa nakutazama hapo mlangoni kama mgeni, na nimekuzaa mimi. Ila siwezi na hilo shati. Nenda... sikiliza, nenda kaoge. Sasa hivi. Vua kila kitu. Jisugue na kichwa, na ndevu, na vidole, hapo kwenye njano ya sigara. Sukutua. Halafu uje unishike. Nitakungoja.

Ameinuka. Mmeona? Hakubisha.

Mfungulieni pazia apite... Nasikia ndoo. Nasikia maji. Alikuwa hapendi kuoga huyu, nilikuwa namkimbiza uani kote, ana povu machoni... Msimwite. Msimharakishe, aoge vizuri.

Mwalimu, huo mkono wa upande wa mlango... uache. Usiushike. Ni wake.

Bado maji? Mnayasikia? Mimi siyasikii sana... Vizuri. Ajimwagie tu. Mpeni taulo safi.

Akija... wanangu, akija akanikuta nimetangulia, asiseme alichelewa. Msimwache aseme hivyo. Mwambieni... mwambieni nimeinusa sabuni.